Mgeni wa Gramu 12 Dirishani

Usiku wa mwezi Desemba mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, hukaribia saa 15, na baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani ya kitundu cha mti hulala ndege aitwaye chikadi. Kichwa chake ni cheusi kana kwamba amevaa kofia, mashavu yake ni meupe, na uzito wake ni takriban gramu 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari.

Ndege huyu hahamii nchi za joto. Mwenyezi Mungu amemjaalia njia nyingine. Mchana huficha mbegu moja moja katika magome ya miti na kukumbuka alipoziweka. Usiku hushusha joto la mwili wake kwa takriban nyuzi 10, ili mafuta aliyoyapata mchana yamfikishe alfajiri. Kukipambazuka akiba hiyo huwa imekaribia kwisha, naye hana budi kuanza upya.

Ndiyo maana familia nyingi za Marekani na Kanada hutundika uani chombo chenye mbegu za alizeti, au kipande cha shahamu ya ng'ombe. Huja chikadi, huja kadinali dume aliye mwekundu juu ya theluji nyeupe, huja kigong'ota akaing'ang'ania shahamu. Huja pia shomoro, wa jamii ile ile ya shomoro wa mapaa ya miji yetu ya pwani, ambaye asili yake huko ni ndege walioletwa Brooklyn kutoka Ulaya katika miaka ya 1850.

Je, ukarimu huo huwasaidia ndege, au huwazoesha kuombaomba? Watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple waliwafuatilia chikadi katika jimbo la Wisconsin, na mwaka 1988 wakachapisha matokeo yao. Katika kila ndege 100 waliopata chakula cha ziada, 69 waliuvuka msimu wa baridi. Kwa wasiopata, walivuka 37 tu. Tofauti ilionekana hasa nyakati za baridi kali. Baadaye waliwachunguza chikadi waliozoea kulishwa, kisha vyombo vikaondolewa. Hao hawakufa zaidi ya wenzao, kwa kuwa hawakuwa wameacha kujitafutia porini.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye anahitaji kupona, na hapa ndipo wenyeji wengi huteleza. Mwanzoni mwa mwaka 1994, watu waliokuwa wakitazama ndege karibu na Washington waliona chiriku wenye macho yaliyovimba na kugandamana. Ilibainika kuwa ni bakteria aliyekwisha kujulikana kwa wafugaji wa kuku. Katika miaka michache iliyofuata ugonjwa ulienea mashariki yote ya Marekani, na vyombo vya kulishia vilikuwa miongoni mwa njia zake, kwa sababu kila ndege huingiza uso pale pale alipouingiza mgonjwa.

Kwa hiyo usafi ni sehemu ya kulisha. Chombo huoshwa walau kila wiki mbili kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini na sehemu 9 za maji, kikasuuzwa, kikakauka kabisa ndipo kikajazwa. Akionekana ndege mgonjwa, vyombo vyote huteremshwa kwa muda ili kundi litawanyike. Dirisha nalo huua, kwani ndege huona miti na mbingu katika kioo akadhani ni njia. Chombo kiwe chini ya mita 1 kutoka kiooni, ili akishtuka asipate kasi ya kujiumiza, au kiwe mbali zaidi ya mita 10. Paka abaki ndani.

Kamera pia ina adabu yake. Mpiga picha huketi ndani, taa zimezimwa na lenzi ikiwa karibu na kioo, ili taswira ya chumba isiingie pichani. Kijiti kikichomekwa kando ya chombo, ndege hutua hapo kwanza, na picha hupatikana bila chombo kuonekana. Kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde huzuia mabawa yasififie. Jicho ndilo la kulengwa. Theluji huidanganya kamera ikatia giza picha, hivyo huongezwa mwanga kidogo katika mipangilio yake. Lisilofaa ni kumkurupusha ndege ili aruke vizuri, au kumlaghai kwa sauti iliyorekodiwa. Kila mruko wa bure huunguza mafuta aliyoyahitaji kwa usiku.

Mazoea haya yameleta faida ya elimu. Ontario, nchini Kanada, mwaka 1976 ilianza hesabu ya ndege wa uani, nayo mwaka 1987 ikapanuliwa Amerika Kaskazini kwa ushirikiano na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Kanuni yake hata mtoto huielewa: andika idadi kubwa kabisa ya aina moja uliyoiona kwa wakati mmoja. Chikadi watatu wakija, wakaondoka, kisha wakaja wawili, andika 3, usiandike 5, maana huenda ni wale wale.

Mzazi anayeketi na mwanawe dirishani kwa hesabu hiyo humfundisha kutoshuhudia asilolijua. Kisha na wainuke wote wawili, mmoja ashike brashi na mwingine ndoo, wakioshe chombo kabla jua halijazama.