Namba nyingi, kijana mmoja: Kwa nini ni ngumu kujua wahitimu wanaishia wapi

Ukipita Soko la Majengo jijini Dodoma, anayekupimia nyanya anaweza kuwa ameishia kidato cha nne, amesomea umeme au ana digrii kabisa. Je, Serikali inajua?

Jibu fupi: inajua vipande vipande.

Kila ofisi na namba yake

Mtoto wa shule ya msingi anasajiliwa Necta na kupewa namba ya PReM. Akifika kidato cha nne anapata namba ya mtihani, ambayo ndiyo ataitumia kuomba chuo na mkopo. Akifikisha miaka 18, anapata namba ya Nida.

Tamisemi nayo inahesabu wanafunzi, walimu na madarasa. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, vyuo vya kati na vya ufundi chini ya Nactvet.

Shida inaanza akimaliza masomo. Akiajiriwa na kampuni, anaonekana NSSF. Akiingia serikalini, anaonekana PSSSF. Akifungua genge Majengo, anaweza asionekane popote.

Kwani hakuna takwimu za ajira?

Zipo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilifanya utafiti wa nguvukazi mwaka 2014 na tena 2020/21. Lakini utafiti huo huhoji kaya chache zilizochaguliwa kwa niaba ya wengine. Unaonyesha hali ya nchi kwa ujumla. Hauwezi kukuambia waliosomea uchomeleaji chuo fulani wamepata kazi wangapi.

Kumfuatilia mhitimu hadi kazini kunawezekana. Bodi ya Mikopo (HESLB) inafanya hivyo kwa wanaodaiwa: mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ila lengo pale ni kukusanya deni, siyo kujua kozi ipi inalipa.

Kwa nini ni muhimu sasa

Februari 1, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kutilia mkazo mafunzo ya amali.

Amali inataka karakana, vifaa na walimu. Je, Dodoma wafundishwe zaidi ujenzi, usindikaji wa zabibu au ukamuaji wa alizeti? Bila takwimu, fani inaweza kuendelea kufundishwa kwa sababu mwalimu wake yupo, siyo kwa sababu kazi ipo.

Kifanyike nini?

Siyo lazima kujenga mfumo mmoja mkubwa. Kinachotakiwa ni mifumo isomane: namba ya shule iungane na ya Nida, na Nida na mifuko ya jamii. Waliojiajiri, ambao mifuko haiwaoni, wapigiwe simu na kuulizwa baada ya miezi kadhaa.

Siri za watu zilindwe pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kinachotangazwa kiwe idadi kwa kozi na mkoa, siyo majina.

Kwa sasa, mzazi, kabla hujalipa ada kiulize chuo maswali matatu: mwaka jana walimaliza wangapi, wangapi wana kazi, na kazi gani? Chuo kinachowafuatilia wahitimu wake hakitashindwa kukujibu.