Ngome Iliyowashinda Walioijenga

Kwetu Sachangwan, ukisimama kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, utayaona malori yaliyopakia mizigo katika bandari ya Mombasa yakikwea mlima kwa kunguruma, safari yao ikiwa ni ya Uganda. Shehena za pwani hutupitia usiku na mchana. Historia ya pwani, kwa bahati mbaya, hutufikia vipande vipande.

Nilikumbushwa jambo hili likizoni, pale mwanafunzi mmoja wa sekondari, mtoto wa jirani, aliponijia na daftari lake. Alikuwa amezuru Fort Jesus na wenzake wa shule, na kuna jambo lililokuwa likimkera. "Mwalimu," aliniambia, "hapa nimeandika kwamba Wareno walinyang'anywa ngome mwaka 1631. Halafu nimeandika kwamba Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno humo mwaka 1698. Sasa walirudije ndani?"

Swali hilo lingestahili kuulizwa katika kila darasa la historia nchini. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliruka kutoka mwaka ule wa kwanza hadi ule wa pili pasipo kushtuka, na mwalimu wangu akaniwekea alama ya vyema.

Tuanze na jengo lenyewe. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Huyu hakuwa mjenzi wa kuta ndefu tu. Ngome yake ilisimama juu ya mwamba wa matumbawe, ina mahandaki yaliyochongwa upande wa bara, na pembe zake nne zilipangwa hivi kwamba mizinga ya pembe moja iweze kuulinda ukuta unaoelekea pembe nyingine. Adui akiufikia ukuta, hana mahali pa kujificha. Ilikusudiwa kwamba Wareno wawe ndani, na adui wawe nje.

Mwaka 1631 mambo yakageuka. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa ukoo wa Malindi ambaye Wareno walikuwa wamemweka kutawala Mombasa, alimpoteza baba yake mwaka 1614. Mzee huyo aliuawa Rabai alikokimbilia, kwa njama za kapteni wa ngome. Yusuf, aliyekuwa bado mtoto, akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alitumikia katika merikebu za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga. Kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao. Aliposhtakiwa kwamba huzuru kaburi la baba yake na kuomba dua kwa desturi za Kiislamu, alitambua kuwa siku zake zinahesabika. Tarehe 16 Agosti, 1631, aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamuua Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na mauaji yakaenea mjini.

Hapa sipendi tujidanganye. Waliouawa hawakuwa askari peke yao. Wareno wapatao 150 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa waliuawa pia. Wanaomwita Yusuf shujaa wasiache kuitaja sehemu hiyo.

Daftari la kijana wangu lilikomea hapo, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza. Goa haikuweza kuivumilia aibu ile. Kikosi cha merikebu kilitumwa, na kuanzia tarehe 10 Januari, 1632, Wareno waliizingira ngome yao wenyewe. Ramani yake walikuwa nayo. Walijua kila pembe, kila mlango, kila kina cha handaki. Wakapigana siku 69. Tarehe 19 Machi wakang'oa nanga, ngome wasiipate.

Walishindwaje? Kwa maoni yangu, waliijua ngome, lakini hawakumjua vya kutosha mtu waliyemfunza. Aliyekuwa juu ya ukuta alikuwa ameujifunza mzinga katika merikebu zao wenyewe, na alijua jinsi kapteni wa Kireno anavyofikiri. Tena, walikuja kwa bahari peke yake, nyuma ya ngome kukiwa na mji, kisiwa na bara. Kuta za Cairati nazo zilifanya kazi ziliyojengewa, kwani ukuta haumtambui mwenyewe. Ukitaka kujua ngome ile ilihitaji nini ili ianguke, tazama Waomani waliokuja mwaka 1696. Iliwachukua takriban miezi 33, na walipoukwea ukuta mwezi Desemba 1698, njaa na maradhi vilikuwa vimekwisha kuwamaliza karibu wote waliokuwa ndani.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, msomaji aniwie radhi nitue kidogo. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha tendo hili la kuzingira: kuhusuru. Asili yake ni Kiarabu, na wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba ni ndugu wa neno hasara. La, mizizi yao ni miwili tofauti, ingawa mwaka 1632 Wareno walikutana na yote mawili kwa mpigo. La ajabu zaidi ni neno gereza. Lilitoka katika igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likahamia kwenye ngome yenyewe, ambayo Waswahili waliiita Gereza, kisha likatua kwa wafungwa. Waingereza walipoifanya ngome hiyo jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, jina na jengo vikakutana tena. Mtoto wa Sachangwan asiyewahi kuiona bahari hulitamka neno hilo bila kujua kwamba linatoka katika sala za watu waliofungiwa nje ya ngome yao.

Nimjibu sasa kijana. Wareno walirudi kwa sababu Yusuf aliondoka. Tarehe 16 Mei, 1632, aliihama Mombasa, akaingia baharini na kuishi kama haramia. Tarehe 5 Agosti kikosi kidogo cha Wareno kilichokuwa kimebaki Unguja, chini ya Kapteni Pedro Rodrigues Botelho, kikaingia katika ngome iliyo tupu. Hawakuiteka. Waliiokota.

Juu ya lango la Fort Jesus kuna jiwe la mwaka 1639 lenye maandishi ya Kireno, na nawaomba walimu wanaowapeleka wanafunzi huko wawasimamishe chini yake. Ni la Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linajisifu kwamba aliijenga upya, kwamba aliwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu, kwamba aliziadhibu Pate, Siu na Pemba. Hata malipo yake ya kila mwaka yametajwa. Lakini juu ya zile siku 69 jiwe halina neno. Nimelisoma mara kadhaa kama mtu anayetafuta kiambishi kilichodondoka katika sentensi.

Habari nyingi za 1631 tulizo nazo zatokana na ushahidi wa kiapo uliokusanywa na kanisa, ambao G.S.P. Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1980. Nao ni ushahidi wa upande mmoja. Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haki ya kushangaa, kwani mashimo ya Wasirikwa pale Hyrax Hill, Nakuru, walimokuwa wakilinda ng'ombe wao, hayana hata herufi moja, na majina ya waliovamia na ya waliojilinda yamekwenda na upepo.

Nilipokwisha kumweleza kijana haya yote, alinyamaza, akafunga daftari, kisha akalifungua tena. "Mwalimu, na kama Yusuf angeweka jiwe lake, angeliandika kwa lugha gani?" Nikamwambia kwamba Kireno alifundishwa, Kiarabu kilikuwa lugha ya dua aliyokwenda kuisoma kaburini, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mji wake. Akaziandika zote tatu kwenye mstari mmoja, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.