Tumbo la Mtoto Mbwemkuru: Kipimo Kipi Kwanza, Safari Ngapi

Mtoto akiharisha wiki baada ya wiki, akakonda na kupungukiwa damu, pesa huanza kutoka kabla ugonjwa haujajulikana. Kwa mzazi wa bonde la Mbwemkuru, Nachingwea au Ruangwa, shilingi ya kwanza iende kwenye kipimo cha choo, wingi wa damu, VVU na kifua kikuu. Ni vya bei nafuu, na kimelea cha giardia au TB ya utumbo huweza kufanana kabisa na magonjwa mawili ninayoyaeleza hapa. Dawa za kushusha kinga, ambazo hutumika kwa ugonjwa wa pili, ni hatari kwa mtoto mwenye TB.

La kwanza ni seliaki: gluteni ya ngano na shayiri huufanya mwili ushambulie utumbo mwembamba. Hupimwa kwa damu, tTG-IgA pamoja na IgA jumla. Uliza kama sampuli inaweza kutumwa Dar es Salaam. Kichupa hakihitaji nauli ya watu wawili wala malazi. Ila mtoto anayeshindia ugali na muhogo, andazi kwa nadra, anaweza kupata jibu la "hana" kumbe anao. Mweleze daktari anakula ngano kiasi gani, wala usimwachishe kabla ya kupimwa.

La pili ni uvimbe sugu wa utumbo, yaani Crohn au koliti ya vidonda. Kalprotektini ya choo huonyesha kuna uvimbe, haisemi umetokana na nini. Hapo inatakiwa kamera ya kuangalia utumbo, na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko mamia ya kilomita. Magonjwa haya huweza kumpata mtu mmoja: uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2020 ulikuta wenye seliaki wana hatari ya uvimbe huo karibu mara 10 ya wasio nayo. Kwa hiyo omba kamera ya juu na ya chini kwa usingizi mmoja, na vipande vidogo vya utumbo vichukuliwe kupimwa hata pale panapoonekana pazima. Kuangalia juu tu ni kujiwekea safari ya pili.

Mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaruhusu kuthibitisha seliaki ya mtoto bila kamera, tTG-IgA ikifika mara 10 ya kikomo cha kawaida na damu ya pili ikakubali. Unaokoa pesa nyingi. Lakini choo kikiwa na damu, mimi nisingeifuata njia hiyo.

Seliaki ikithibitika, chakula hakitakufilisi: muhogo, mtama, wali na mbaazi havina gluteni. Kagua unga wa lishe. Muulize muuzaji kama amechanganya ngano, na akisita, usinunue.