Sura ya 4: Faili Siyo Kazi

Kosa linalorudiwarudiwa katika katalogi za kidijitali ni kuchanganya faili na kazi iliyomo ndani yake. Mkutubi anafungua kazi ya haipamedia, yaani ile inayounganisha maandishi, picha na sauti kwa viungo, anakuta maandishi, picha na sauti, anaviorodhesha vyote vitatu, basi. Viungo, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa kazi hiyo, havitajwi kabisa.

Dublin Core, mpango wa metadata uliotokana na mkutano wa mwaka 1995 huko Dublin, Ohio, una vipengele 15, na umetenganisha makusudi umbizo na aina. Umbizo hueleza faili ikoje: HTML, PDF, JPEG. Aina hueleza kazi yenyewe ni nini. Miongoni mwa aina zake 12 imo rasilimali shirikishi, yaani ile isiyoweza kueleweka wala kuendeshwa bila mtumiaji kushiriki. Haipamedia nyingi mahali pake ni hapo. PDF iliyojaa picha za kupendeza haiingii.

Chukua hadithi ya Michael Joyce, "afternoon, a story", iliyoandikwa kwa programu ya Storyspace mwaka 1987 na kutolewa na Eastgate Systems mwaka 1990, kwanza kwenye diski. Ina vipande 539 vya maandishi na viungo 951. Anayepima kwa macho atasema ni maandishi matupu. Lakini baadhi ya viungo havifunguki mpaka msomaji awe ameshapita vipande fulani, hivyo wasomaji wawili huweza kuanza pamoja na kuishia na visa tofauti. Ukiiita "maandishi" peke yake, umeifananisha na riwaya yoyote ile. Ukiiita "programu", umeitaja Storyspace ukamsahau Joyce! Dublin Core inaruhusu kipengele kurudiwa: iandikwe rasilimali shirikishi, kisha maandishi, na Storyspace itajwe kama kitu ambacho kazi inakihitaji ili isomeke.

Wapo wanaohubiri kwamba mitambo ya utafutaji imeshaifuta kazi ya katalogi. Huo ni upuuzi wa mtindo. Mtambo hauwezi kusoma diski iliyofungiwa kabatini, wala haumwambii mtafiti kwamba kiungo fulani kina masharti.

Kwa hiyo mkutubi asijaze sehemu ya aina kwa kutazama jina la faili. Aifungue kazi, afuate viungo vyake, arudi nyuma, ajaribu njia nyingine, ndipo aandike.