Jiwe Lisilo la Kawaida: Je, Lilichongwa na Mtu?

Kikundi kinachimba shimo la choo. Jembe linagonga jiwe. Mmoja analiokota, aona lina makali. Mwingine asema, "Jiwe ni jiwe tu, tupa kule." Wa tatu asema, "Hiyo ni pesa, tutafute mnunuzi." Ndugu wasomaji, wote wawili wanaweza kutupotezea kitu kikubwa.

Mambo haya si ya mbali. Huko Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa, watafiti walichimbua zana 330 za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Mwaka 2023 walitangaza kwamba zana hizo zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Na ni nani aliyewaelekeza? Mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi nao Kanjera Kusini. Aliona mawe na mifupa ikitokezwa na mmomonyoko wa udongo, akawaambia.

Tutalitambuaje?

1. Angalia makovu. Jiwe lililochongwa lina makovu kadhaa yaliyobonyea kama ndani ya kombe, yakifuatana kwenye ukingo mmoja. Kovu moja peke yake halitoshi.

2. Angalia kibanzi. Kibanzi kilichobanduliwa kwa kugongwa mara nyingi huwa na uvimbe mdogo karibu na pale kilipogongwa.

3. Angalia rangi. Kovu la jembe lenu la jana ni jipya, rangi yake ni tofauti na sehemu nyingine za jiwe.

4. Uliza kama jiwe ni la hapo. Utafiti wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba baadhi ya mawe ya Nyayanga yalibebwa hadi kilomita 13. Lakini kumbukeni, mto nao hubeba mawe, na huyaviringisha yakawa laini pande zote.

Hata hivyo, alama hizi haziwezi kukuambia umri. Umri hujulikana kwa udongo lilipolala na vitu vilivyo kando yake. Jiwe likishaoshwa na kuwekwa kabatini, ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Hata kule Thimlich Ohinga, Migori, thamani iko katika mpangilio: kuta zimesimama bila saruji, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka katika Urithi wa Dunia. Ukichukua jiwe la ukutani ukajengee jikoni, umebaki na jiwe tu.

Basi mkiona kitu, fanyeni hivi: simamisheni kuchimba mahali hapo. Msioshe, msivunje kupima ugumu. Wekeni kijiti cha alama, pigeni picha. Mwambieni mwenye shamba na naibu chifu, kisha wapasheni habari Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Makavazi ya Kisumu si mbali. Sheria ya mwaka 2006 inatoa siku 7 za kuripoti. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, kwa hiyo mnunuzi anayekuja usiku anawatia mashakani.

Katika Yoshua sura ya 4, mawe ya Yordani yaliwekwa ili watoto waulize habari zake. Wetu nao watauliza.

Ya kuzungumzia kikundini:
- Ni wapi kwetu mvua imefukua mawe au mifupa?
- Nani atapeleka habari tukipata kitu?