Nyumba mpya: Rangi inavutia, mkaguzi ni masika

“Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, jiko la kisasa, ipo ndani ya uzio, hati ipo.” Tangazo la namna hii halikosekani kwenye simu ya dalali yeyote wa Goba, Madale, Bunju au Kigamboni. Picha zinaonyesha dari ya jipsamu yenye taa za rangi, vigae vinavyong’aa na geti jeusi lisilo na hata mkwaruzo. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mnunuzi wa nyumba mpya jijini Dar es Salaam analipia vyote viwili, kinyemi na kidonda, na mara nyingi cha pili hukiona akiwa ameshahamia.

Watanzania wengi hawanunui nyumba, wanajenga. Kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ujao, kisha kuta zinasubiri bati mpaka mkopo wa kazini utoke. Katikati ya safari hiyo saruji hupungua stoo bila maelezo, nondo hukatwa fupi, na fundi akishachukua malipo ya awali huhamia kwa tajiri mwingine. Anayenunua nyumba iliyokamilika anaruka vurugu zote hizo. Analipa, anakabidhiwa funguo, anahamisha vyombo.

Ukilinganisha na nyumba kuukuu, mpya ina nafuu nyingine. Nyumba za zamani za Upanga au Oysterbay zina viwanja vipana na ziko karibu na katikati ya jiji, lakini nyingi zilifungwa nyaya za umeme enzi ambazo nyumba haikuwa na viyoyozi vitatu na hita ya maji. Mabomba yake ya chuma yameliwa na kutu. Nyumba mpya huja na mabomba ya plastiki, swichi za usalama za kisasa, vyoo vya ndani na paa ambalo, kama limepigwa vizuri, halitadai senti kwa miaka mingi.

Benki nazo zinaipenda nyumba iliyokamilika yenye hati. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na kuanzishwa mwaka 2010 kwa kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu, vilifungua mlango ambao awali ulikuwa wa wachache. Tatizo ni riba, ambayo bado ni ya tarakimu mbili. Mkopo wa Sh100 milioni kwa riba ya asilimia 15, ukilipwa kwa miaka 15, unadai takriban Sh1.4 milioni kila mwezi. Mpaka deni linakwisha, mkopaji amelipa karibu Sh252 milioni.

Kuna gharama nyingine ambayo dalali haitaji. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2014 inasamehe mauzo ya nyumba za makazi zilizokwishakaliwa, lakini mauzo ya kwanza ya nyumba mpya hayamo kwenye msamaha huo. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT inapouza nyumba mpya ya Sh150 milioni, kiwango cha kawaida cha asilimia 18 kinaongeza Sh27 milioni. Mwaka 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa nyumba zisizozidi Sh50 milioni, kiwango ambacho bei za nyumba nyingi za jijini zinakizidi. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya muuzaji liwe hili: bei hii ina VAT ndani yake, au bado?

Hata hivyo, kidonda kikubwa hakiko kwenye kodi. Kiko ukutani.

Nyumba ya miaka 30 imeshasema yote iliyokuwa nayo. Kama msingi wake ulikuwa dhaifu, nyufa zipo. Kama eneo linajaa maji, alama yake iko ukutani na majirani wanaikumbuka. Nyumba mpya iko kimya, na rangi inaisaidia kunyamaza. Zege huhitaji kumwagiliwa maji siku kadhaa na husubiriwa siku 28 lifikie nguvu iliyokusudiwa, lakini mjenzi anayekimbizana na mteja hana subira hiyo. Tofali zilizopunguzwa saruji hazitofautiki na tofali nzuri zikishapigwa lipu. Mchanga wenye chumvi, usio mgeni ukanda wa pwani, hujitokeza baadaye: rangi ya sehemu ya chini ya ukuta inafutuka, inameguka, na unga mweupe unabaki mkononi ukipitisha kidole.

Makosa ya ujenzi yanaweza kufika mbali zaidi ya hapo. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tangu hapo kibali cha ujenzi na majina ya mkandarasi na mhandisi si mambo ya kumwonea muuzaji haya kuyauliza. Bodi za usajili wa makandarasi na wahandisi zipo, na jina likitajwa linaweza kuhakikiwa.

Wanaonunua nyumba ikiwa bado kwenye ramani hupata bei nafuu na hulipa kwa awamu, lakini wanabeba hatari ya mradi wenyewe. Mradi wa Dege, Kigamboni, uliohusisha mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ulisimama mwaka 2016 na maghorofa yakabaki magofu. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa ya Morocco Square na 711 ya Kawe nayo ilikwama kwa miaka kabla ya kuendelezwa tena. Mwenye kodi ya pango ya kulipa kila mwezi huku fedha zake ziko kwenye jengo lisilosonga anaumia mara mbili.

Kwa apatimenti kuna hesabu ya ziada. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa mnunuzi hati yake mwenyewe, lakini inamfunga pia na wenzake: lifti, jenereta, walinzi na ngazi ni mali ya wote na huchangiwa na wote. Mchango wa kila mwezi ujulikane kabla ya kusaini.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya ajabu. Gonga vigae kwa sarafu. Kinacholia tupu hakikushikwa na saruji. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone kama yanakwenda kwenye tundu au yanarudi mlangoni. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Tazama pembe za dari kama zina madoa ya njano. Kisha toka nje uwaulize majirani mvua inapita wapi, maana wakazi wa Boko Basihaya na Bonde la Msimbazi wanajua kwamba kiwanja kikavu cha Agosti kinaweza kuwa bwawa Aprili.

Pamoja na hayo, nyumba mpya bado ni ununuzi mzuri kwa mwenye kipato cha uhakika asiye na muda wa kukimbizana na mafundi, mradi asilipe yote siku ya kwanza. Mwanasheria apekue hati kwa msajili, mhandisi wa mnunuzi mwenyewe aikague, na mkataba uandike miezi ambayo mjenzi atarekebisha kasoro kwa gharama yake. Sehemu ya bei ibaki mkononi mwa mnunuzi mpaka msimu mmoja wa masika upite. Muuzaji akikataa masharti hayo, tafuta nyumba nyingine.