Kapiteni wetu aliyepelekwa Ziwa Victoria

Wamama wenzangu, kapiteni tunayemnunua kwa vipande hapa Bunia, yule anayepandishwa kutoka Tchomia na Kasenyi, ana historia ambayo wengi wetu hatujaisikia. Kwetu ni samaki wa nyumbani. Lakini katika Ziwa Victoria, ambako Mwanza wanamwita sangara na Kisumu mbuta, yeye ni mgeni, tena mgeni aliyewamaliza wenyeji.

Maporomoko ya Murchison yanaziba njia ya mto Nile, na samaki wa Ziwa Albert hawawezi kupanda hadi Kyoga wala Victoria. (Wanafunzi wangu huuliza kama hawawezi kuruka. Hapana, ni marefu mno.) Ni watu waliomvusha. Katika miaka ya 1950, Uganda ikiwa chini ya Waingereza, kapiteni walitolewa katika ziwa letu na kumwagwa kule juu, kwanza kimya-kimya, kisha waziwazi mwaka wa 1962 na 1963. Wazo lilikuwa hili: Victoria imejaa samaki wadogo wenye miiba, wasio na bei, tulete mkubwa awale hao, kisha sisi tumle yeye. Wataalamu wengine walipinga mapema. Hawakusikilizwa.

Kwa miaka mingi mabadiliko yalikuwa madogo. Miaka ya 1980 kapiteni akajaa ghafula. Samaki wadogo wanaoitwa furu Tanzania na nkejje Uganda walikuwa wa mamia ya aina. Nyingi zikapotea kabisa. Na nkejje alikuwa samaki wa watoto. Wamama wa Buganda walimkausha, wakamsaga, wakamtia katika chakula cha mtoto aliyekonda ao aliyeugua surua.

Furu alikauka kwa jua tu. Kapiteni ana mafuta mengi, jua halimwezi. Ikabidi kumbanika kwa moshi ao kumkaanga, na miti ikakatwa. Mama mwenye mtaji wa beseni moja akakuta samaki mmoja tu anamshinda bei. Viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, minofu ikaenda Ulaya, na wamama wakabaki na vichwa na mifupa ya kukaanga na kuuza. Kenya mifupa hiyo inaitwa mgongo wazi. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Kichwa cha kapiteni kikichemshwa na nyanya na pilipili kinatoa supu nzuri sana, na mama aliyesomesha watoto kwa mgongo wazi anastahili heshima.

Mwishowe ni mdomo wa binadamu uliompunguza mgeni. Uvuvi ulipozidi, sangara walipungua, na baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena.

Kwetu mambo ni kinyume. Hapa ndiko kwao, ameishi na samaki wengine tangu zamani za kale, na hatutaki amalizike. Lakini angalia mabeseni sokoni: kuna kapiteni wa urefu wa kiganja. Hao ni watoto, waliokamatwa kwa nyavu za matundu madogo. Ng'ambo ya ziwa hilihili, sheria ya Uganda inakataza kumvua asiyefika sentimita 50. Mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu, ni karibu sentimita 45, kwa hiyo kipimo unacho tayari. Aliye mfupi kuliko hapo kwa kawaida bado hajazaa. Muuzaji akikuambia ni samaki wa aina nyingine, tazama mkia: wa kapiteni ni wa mviringo, haukupasuka katikati, na jicho lake lina rangi ya manjano.

Mwenye pesa kidogo atauliza, basi mtoto wangu ale nini? Kuna samaki ambao ni wazima katika udogo wao, kama wale ambao Waganda wanawaita muziri. Wanazaa haraka na wanauzwa wakiwa wakavu. Chagua wasio na harufu kali, ambao walianikwa juu ya turubai ao wavu, si juu ya mchanga. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili, wakaushe kwenye sufuria juu ya makala bila mafuta, kisha uwatwange pamoja na vichwa vyao, maana mifupa ndiyo yenye kalisiamu. Mtoto aliyeanza kula hatabishana na kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji. Kwa wakubwa, utie katika sombe mawese yakiwa yameshaingia.